Kanda Iliyorudisha Wateja

Jumatatu, 19 Juni 1995

Mvua. Siku njema hata hivyo. Wakati wa chai Bi. Thelma Gaffney, mwenye duka, ametangaza kwamba mwezi wa Agosti anahamia kwa dada yake Ulverstone, na duka ataliacha mikononi mwa meneja. Hakusema nani. Alinitazama mimi. Kisha akamtazama Raelene. Lakini alianza na mimi!

Raelene Triffett. Miaka ishirini na miwili nyuma ya kaunta ile ile. Anajua kwa kichwa kila msumari ulipo katika duka hili la vifaa, na kila bawaba, na kila kopo la rangi. Mimi nimetoka Devonport, nina miaka miwili tu hapa Queenstown. Misumari sijui ilipo. Ila nina fikra za kisasa.

Kwa hiyo nikampiga kumbo kistaarabu. Nikamwambia Bi. Thelma kwamba kompyuta ya duka ikifa leo, tutabaki na kichwa cha Raelene, na kichwa hakina nakala. Bi. Thelma akashtuka. Akaniruhusu niagize kiendeshi cha kanda. Kisanduku kidogo, kinachomekwa ndani ya kompyuta. Unakitia kanda, kinanakili kila kitu: bidhaa, wateja, oda. Kitafika kesho kwa basi la Burnie. (Ukweli ni kwamba nilishakiagiza wiki iliyopita.)

Raelene aliuliza mbele ya wateja kama hicho kisanduku kinapiga na muziki. Wakacheka. Wacheke tu. Meneja hachekwi.

Jumanne, 20 Juni

Kimefika. Nikafungua kompyuta saa tatu asubuhi, kaunta imejaa watu, ili wote waone.

Skrubu moja ikanidondokea ndani. Nikaitikisa kompyuta. Zikatoka tatu. Zile mbili sijui zilikuwa zinashika nini.

Halafu ule utepe mpana wa nyaya, wenye ukingo mwekundu. Unaingia pande zote mbili ukiulazimisha. Nikaulazimisha. Nikawasha. Taa ya disketi ikawaka na haikuzima tena, kioo cheusi, kompyuta kimya kama jiwe. Asubuhi nzima Raelene aliuza kwa penseli na karatasi, na ubaya ni kwamba aliuza haraka zaidi.

Bi. Thelma alipita na kikombe chake, akainama akaangalia. Akasema nimeugeuza utepe, ukingo mwekundu ukae upande wa waya wa umeme, marehemu Clarrie wake naye alikuwa anaugeuza kila mara. Nikamwambia nilikuwa karibu kufika hapo.

Kumbe mumewe alikuwa na kiendeshi kama hiki kwenye kompyuta ya zamani! Clarrie Gaffney, aliyelianzisha duka. Alifariki mwaka wa tisini na mbili, mimi sijafika, sura yake siijui. Bi. Thelma akatoa chini ya kaunta bati la biskuti. Ndani yake kanda moja tu, na maandishi ya mkono: Agosti 1991. Alisema ndiyo ya mwisho Clarrie kunakili kabla hajalazwa. Alilifunga bati polepole sana, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mtoto aliyelala.

Macho yake yalilowa. Nikaliona hilo. Nikaliweka akilini.

Kiendeshi kimeshikwa na skrubu moja kati ya nne. Inatosha.

Jumatano, 21 Juni

Siku fupi kuliko zote za mwaka huku kusini mwa dunia, na siku kubwa kwangu. Raelene kaenda Burnie kung'olewa jino. Bi. Thelma yuko kwenye kikundi chake cha kufuma. Duka langu!

Mpango: kuisoma ile kanda ya marehemu, kuchapa orodha ya wateja wake wa zamani jinsi alivyoiandika mwenyewe, na kumkabidhi mjane. Atalia. Mtu hamnyimi umeneja aliyemliza kwa wema.

Mimi si mjinga. Kwanza nikanakili hali ya sasa kwenye kanda mpya. Ikatokea sentensi ndefu kwenye kioo. Sikuisoma, nina kazi. Nikabonyeza kitufe kikubwa, ikaondoka.

Kisha nikatia kanda ya Clarrie. Programu ikanipa njia tatu: Nakili, Linganisha, Rudisha. Rudisha lilionekana neno la adabu zaidi. Ikauliza kama ifute yaliyopo na kuweka ya kwenye kanda. Ndiyo. Ikauliza kama ni ndiyo kwa yote. Sipendi kuulizwa mara mbili. Ndiyo kwa yote.

Ilichukua saa nzima. Sauti yake sikuipenda. Kanda inakwenda mbele, inasimama, inarudi nyuma kidogo, inakwenda mbele tena. Kama mtu aliyevaa kandambili chumba cha pili, anatafuta kitu, anakumbuka, anarudi. Mara mbili nilikwenda kuangalia stoo. Hakuna mtu. Paka wa duka alihamia dirishani na kukaa akiipa mgongo mvua, akiitazama kompyuta.

Saa nane na dakika kumi ikanyamaza. Kioo kikaandika: Habari ya mchana, C. Gaffney. Tarehe 14 Agosti 1991.

Nikabonyeza vitufe vyote. Ikabaki hivyo hivyo. Halafu printa ikaamka yenyewe! Barua kumi na moja, moja baada ya nyingine. Ndugu mteja, mzigo wako umefika, malipo yamekamilika. Tafadhali uuchukue kabla ya Jumamosi.

Nikaenda kwenye rafu ya nyuma kabisa, stoo. Na kweli. Mizigo kumi na moja, vumbi la unene wa kidole, kila mmoja na jina. Miaka yote hiyo Raelene ameiacha ikaoza pale! Barua nimezikunja bila kuzisoma, majina ya watu wa mji huu yote kwangu ni sawa. Nimezipeleka posta kabla ya saa kumi.

Kesho rafu itakuwa tupu. Meneja Selwyn Pascoe. Linatamkika vizuri.

Alhamisi, 22 Juni

Raelene amerudi, shavu kama mkate. Jambo la kwanza, kompyuta ikamwambia tuna majembe arobaini ya aina ambayo haijatengenezwa tangu mwaka wa tisini na mbili. La pili, ikamwita C. Gaffney.

Alinigeukia. Kwa sababu ya jino alisema taratibu, na ilikuwa mbaya zaidi.

"Selwyn. Umefanya nini?"

Nikamwambia ni hali ya mpito. Kimya kimya nikatia kanda mpya ili nirudishe ya jana. Tupu! Kumbe kuna kikufuli kidogo pembeni mwa kanda, kikiwa kimefungwa haiandikiki, na ile sentensi ndefu ilikuwa inasema hivyo. Miaka minne ya duka imekwenda. Sijamwambia mtu.

Lakini barua zimefanya kazi! Raelene alipokwenda stoo kuhesabu majembe, nikainua macho na mzee amesimama mbele ya kaunta. Kengele ya mlango sikuisikia. Nje mvua ya kumwaga kwa ndoo, na koti lake kavu. Kavu kabisa, hata mabega. Nikafikiri, huyu ana mwavuli mzuri. Alikuwa na barua mkononi. Athol Viney, bomba la moshi la jiko. Nikamletea, nikalipangusa vumbi. Akaliweka begani, akanitazama kwa shukrani nyingi kuliko bomba lenyewe.

"Nilidhani mmenisahau," akasema.

Nikamwambia chini ya uongozi mpya hatusahau mtu.

Halafu bibi mmoja, Ivy Lovell, fimbo ya pazia. Kavu vile vile. Alipochukua kalamu kutia sahihi, kidole chake kiligusa changu, na baridi yake ikanipanda mpaka kwenye kiwiko. Alinuka kama kabati lililofungwa siku nyingi. Naye akasema alidhani tumemsahau. Sauti ile ile, mpangilio ule ule wa maneno. Huenda ndivyo wanavyosema huku.

Kufikia saa tisa wamekuja saba. Kila mmoja Raelene akiwa stoo, au akila pai yake kwa upande usiouma, au yuko kwenye simu. Na kila nikitazama dirishani kuona wanakoelekea, barabara nyeupe kwa mvua na hakuna mtu.

Mikono yangu haikupata joto mpaka jioni. Hita imechoka. Nitaishughulikia nikiwa meneja.

Ijumaa, 23 Juni

Nimesalitiwa.

Asubuhi wamekuja watatu wa barua, kavu, wapole. Rafu imebaki na mzigo mmoja, mrefu, mzito, umefungwa kwa gunia. Nilikuwa napiga mluzi. Saa saba na nusu nikageuka, na kuna mwanamume nyuma ya kaunta. Nyuma! Upande wetu! Mzee mrefu, koti la kazi la kahawia, penseli sikioni. Anapanga bawaba kwenye visanduku, ndogo na ndogo, kubwa na kubwa, bila kuangalia, kama mtu anayefunga vifungo vya shati lake. Kidole gumba cha kushoto hakina ncha.

Nikaelewa mara moja. Bi. Thelma kaajiri meneja kwa siri!

Nikamuuliza ana kazi gani hapa. Aliinama akatazama kiendeshi changu kinavyoning'inia.

"Nani kafunga hizi skrubu?"

Nikamwambia ni kazi inayoendelea. Nikamuuliza wazi, ameajiriwa na Bi. Thelma?

Akacheka kidogo, bila pumzi kutoka. "Thelma? Kaniajiri mwaka wa hamsini na mbili, na likizo hajanipa."

Sikupenda mzaha wake. Akaenda stoo bila kuonyeshwa njia, akarudi na ule mzigo mrefu. Akaufunua. Kishikio cha chuma cha ngazi. Nikamtaka sahihi. Akasema changu hicho, kijana. Akachukua na bolti nne na mfuko mdogo wa saruji. Nikamzuia, nikamwambia hivyo havimo kwenye oda. Nilimshika mkono wa koti. Ilikuwa kama kushika koti lililotundikwa msumarini.

"Yule mama ataanguka tena," akasema. Hakukasirika. Alikuwa na haraka tu, kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Akapita. Sikusikia mlango.

Nikamwendea Raelene stoo, nikambwatukia. Nikamwambia wote wawili tumefanywa wajinga, kaletwa mzee mrefu wa koti la kahawia, mwenye kidole gumba nusu. Nilidhani kwa mara moja tutakuwa upande mmoja.

Raelene akakaa juu ya kopo la rangi. Akaniomba daftari la sahihi. Akasoma kwa kidole, jina kwa jina.

"Athol Viney, kaka yangu alibeba jeneza lake. Ivy Lovell ndiye aliyenifundisha kuhesabu. Tulimzika mwaka wa tisini na moja kwenye mvua ya mawe. Hawa wote, Selwyn. Unadhani kwa nini mizigo yao ilibaki? Bi. Thelma hakuwa na moyo wa kuitupa." Akafunga daftari. "Umewaandikia wafu barua, we mtu. Na umewaambia waje kabla ya Jumamosi."

Nikamuuliza, na yule wa koti la kahawia?

"Kidole kilikatwa na msumeno hapo uliposimama," akasema. "Mwaka wa themanini. Mimi ndiye niliyemfunga kitambaa."

Nikachungulia rafu ya nyuma. Kisha nikamwambia kwamba, hata hivyo, rafu iko tupu.

Hakucheka. Nami sikuwa nimekusudia mzaha.

Jumamosi, 24 Juni

Sijalala vizuri. Asubuhi nimeandaa utetezi wa sehemu tatu, zote zikimwangukia Raelene.

Bi. Thelma aliingia saa nne na barua mkononi. Ile ya kumi na moja. Bwana C. Gaffney, mzigo wako umefika. Posta walimpelekea nyumbani. Nikafungua mdomo kwa sehemu ya kwanza ya utetezi. Hakunipa nafasi. Aliuliza kwa sauti ya chini nani amemfungia kishikio kwenye ngazi ya uani. Jana mchana alikuwa kanisani anapanga maua. Karudi, kishikio kipo, saruji bado mbichi.

Hapo nikaona mwanya. Sijui kwa nini, mdomo wangu ndivyo ulivyo.

"Ni mimi, Bi. Thelma," nikasema. "Nilitaka kukushtukiza."

Akanitazama. Akaitazama kompyuta, na kisanduku kinachoning'inia kwa skrubu moja. Raelene naye akakitazama. Duka zima likakitazama.

"Selwyn, mwanangu," akasema. "Skrubu nne za kompyuta zimekushinda."

Akavuta kiti akaketi. Alieleza, si kwangu hasa, kwamba msimu wa baridi wa tisini na moja aliteleza kwenye ngazi ile akavunjika nyonga. Clarrie akaagiza kishikio siku ile ile. Kilipofika, Clarrie alishalazwa. Sasa kipo pale kimo cha mkono wake hasa, hakikuzidi wala kupungua, upande wa kushoto, kwa sababu mkono wa kulia ndio anaoshikia kikapu cha nguo. Nani mwingine angejua habari ya kikapu?

Akaniuliza alisema nini.

Nikamwambia yote. Kwa mara ya kwanza wiki hii sikuongeza kitu. Nilipofika kwenye habari ya mwaka wa hamsini na mbili (kumbe ndio mwaka waliooana) na likizo, akafunika uso kwa viganja na mabega yakatikisika, na sikujua ni kicheko au nini. Akauliza kama alikuwa na hasira. Nikamwambia hapana, mama, alikuwa na haraka kidogo tu.

"Alikuwa hivyo," akasema. "Kila mara ana haraka akiwa na kazi yangu."

Akaomba kanda. Nikaichomoa. Ilikuwa baridi kama kijiko kilicholala nje. Akaifunga kwenye leso, akaitia mkobani. Alipotoka, kengele ya mlango ililia, na sote watatu tukaruka.

Jumatatu, 26 Juni

Raelene ndiye meneja. Imetangazwa kwenye chai, na keki. Nilikula vipande viwili kwa hasira.

Kwa kuwa kumbukumbu za duka zimebaki mwaka wa tisini na moja, inabidi kila kitu kihesabiwe upya kwa mkono. Bi. Thelma hakunifukuza. Alisema kuna jambo moja ambalo hatanisahau kwalo, halafu akasema lakini misumari utahesabu wewe. Yote. Raelene amenipa mizani na ndoo, akaniambia, "Polepole tu, Meneja." Watu wote waliokuwa dukani walisikia.

Tangu kanda itolewe hajaja tena mtu wa koti kavu. Ila leo saa nane na dakika kumi, kiendeshi kikaanza chenyewe. Hakina kanda ndani. Mbele, kimya, nyuma kidogo, mbele. Kama mtu aliyefika mlangoni akakuta pamefungwa, na hataki kusumbua. Raelene akakifunika kwa gunia, akaniongezea chai. Tulikaa tukisikiliza mpaka kikaacha.

Nikamwambia labda ni utepe. Akasema labda.

Jumanne, 27 Juni

Misumari ya inchi mbili: 4,316. Halafu nikapiga chafya nikapoteza hesabu.

Lakini leo bahati imeingia kwa mlango wa mbele! Bwana Cuthbert Oddie, mzishi wa mji, kaja kununua vipini vya shaba dazeni mbili. Mtu mpole, glavu nyeusi, anaongea kama yuko maktaba. Nikamsikia akimlalamikia Raelene kwamba kompyuta ya ofisini kwake imezimika ghafla, na humo ndimo kuna kila mtu aliyempitia tangu mwaka wa themanini na nne. Ana nakala, lakini hajui kuzitumia. Kanda tano.

Raelene alinitazama kwa jicho kali sana. Akatikisa kichwa mara tatu. Wivu! Ameshapata umeneja na bado hataki nipumue.

Nimemfuata Bwana Oddie nje, kwenye mvua, nikamweleza uzoefu wangu. Amefurahi. Naanza Alhamisi, nafasi ya msaidizi mkuu inazungumzika. Akaniuliza kwa upole kama nina hakika hakuna kitakachopotea.

Nimemwahidi kwamba kufikia Ijumaa wateja wake wote watakuwa wamerudi.